Ua la Mwamba wa Dagaa

Mama Chenge ndiye aliyeileta habari ile mwambani, na aliileta asubuhi mapema, dagaa wakiwa bado mbichi kwenye makarai. Alisema yule mama wa Kihaya aliyehamia kwenye nyumba ya marehemu Josephat anabana watu. Si kwa mikono. Anachukua gazeti lenye picha ya mtu, anamlazia majani usoni, anamfunika kwa gazeti jingine, halafu anapandisha jiwe juu yake na kumwacha hapo. Yeye Mama Chenge alikwenda kuomba moto tu wa kuwashia jiko, akayaona kwa macho yake: mabunda ya magazeti uani, kila bunda na jiwe lake, na majani yanachungulia pembeni kama ndimi.

"Na yule mgombea wetu wa udiwani," akasema, "si picha yake ilitoka gazetini wakati wa kampeni? Basi. Mmeshajua kwa nini alianguka."

Wanawake walicheka. Rebeka, ambaye duniani hakuna kilichowahi kumtisha isipokuwa mama mkwe wake, alisema kama dawa ile inafanya kazi kweli basi atatafuta picha ya mkwe wake aipeleke, na jiwe atalibeba mwenyewe kichwani. Wakacheka tena. Lakini Mama Chenge hakuwa amemaliza. Akauliza ni nani pale amewahi kuombwa kitu na mama yule. Hakuna. Mwaka mzima anakaa Kamanga, hajaomba moto, hajaomba chumvi, hajaazima hata ungo. Mtu gani huyo asiyeomba? Asiyeomba kwa watu, ana anakoomba.

Hapo kicheko kikapungua. Kamanga, kama kwingine huku kwetu, mwanamke mzee anayekaa peke yake na majani makavu si jambo la kuchekwa mpaka mwisho. Kija alimsogeza mwanawe Maige mgongoni, akakaza kanga, akaendelea kufagia sehemu yake.

Mwamba wenyewe ulikuwa bapa na mpana, umeinama kidogo kuelekea ziwani, na kila mwanamke alikuwa na sehemu yake. Ya Kija ilikuwa juu kabisa, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Dagaa wa mwamba hawana mchanga. Hiyo ndiyo sifa yao, na ndiyo maana wanunuzi wanaovuka kwa pantoni kutoka Mwanza huwapita dagaa wa ufukweni na kupanda mpaka huku. Mnunuzi hutia dagaa mmoja mdomoni, akatafuna polepole akiangalia pembeni. Akisikia chembe moja tu inalia kwenye jino, anatema na kwenda kwa jirani yako. Kwa hiyo mwamba unafagiwa. Unafagiwa kabla ya kuanika na baada ya kuanua, mpaka ndani ya nyufa, mpaka kwenye vishimo vinavyotunza maji ya mvua. Kija alipoolewa hapo, akiwa ametoka darasa la saba juzi tu, mama mkwe alimfundisha kushika ufagio wa mwambani kabla hajamwonyesha chumvi inawekwa wapi. Ni ufagio mfupi wa vijiti vigumu. Haubembelezi, unakwangua.

Siku chache baada ya maneno yale mvua za vuli zikaanza, na mama yule akapanda mwambani mwenyewe.

Alikuja na fimbo, polepole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja badala ya mkono. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kama yanavyosemwa ya wachawi. Kija alipiga goti kidogo na mtoto mgongoni, akamwambia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akainama juu ya chungu ya takataka alizokuwa amezikwangua Kija asubuhi ile: magamba, udongo, vijani vya kwenye vishimo. Akazipekua kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Akaokota kitu, akakitia kwenye kipande cha gazeti, akakunja, akashukuru, akashuka.

Mama Chenge alikuwa amefika kabla fimbo haijapotea machoni.

"Amechukua nini?"

"Takataka."

"Za nani?"

"Zangu."

Mama Chenge akashika kiuno. Hakuhitaji kueleza. Kila aliyezaliwa pande hizi anajua kwamba kucha zako, nywele zako, mchanga wa unyayo wako na takataka ulizofagia kwa mkono wako si vitu vya kuachwa mkononi mwa mtu mwingine. Akamwangalia Maige aliyekuwa amelala na mdomo wazi, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Kija kuliko yote: "Mama Maige, nenda ukazidai."

Mchana ule Kija aliyapeleka maneno yale nyumbani. Pius, mumewe, alikuwa amelala kama walalavyo wavuvi wa dagaa, usiku wao ukiwa ndio mchana. Alipoelezwa alifungua jicho moja, akasema hajawahi kusikia mtu amekwenda kudai takataka, akageukia ukutani. Baada ya kitambo akasema, akiwa ameupa mgongo mlango, "Ukienda, usiende na mtoto." Lakini Maige alikuwa bado ananyonya, na hapakuwa na wa kumwachia. Kija akaenda naye, ameufunika uso wake kwa ncha ya kanga.

Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri. Alipopiga hodi na kukaribishwa kwenye kigoda, yote yakamwishia, yakabaki haya tu: "Bibi, nimefuata takataka zangu."

Yule mama alimwangalia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Kija akachelewa kutambua kwamba anacheka.

"Zote," akauliza, "au hiki nilichokichukua tu?"

Akakileta. Akakifunua juu ya meza ndogo, na pale kwenye gazeti kilikuwepo kijimea kisichozidi urefu wa kidole cha mtoto, majani yake membamba kama sindano, wekundu kidogo shinani. Kija akakitambua mara moja. Kilikuwa ni majani tu, yale yanayoota kwenye kishimo cha juu cha mwamba wake kila mvua zikianza.

Kwa kuwa hofu yake ilikuwa imeshapata aibu, alikaa. Na kwa kuwa alikaa, akaambiwa.

Jina lake lilikuwa Specioza. Kamanga walimwita Bibi Magazeti, na alikuwa anajua. Alizaliwa Kagera, chini ya migomba ya baba yake, akaolewa na Josephat, Msukuma wa hapa hapa, dereva wa serikali huko Arusha. Ndugu wa pande zote mbili walilia siku ya harusi, na si kwa furaha. Josephat alikuwa akiwaendesha wataalamu wa mimea milimani na misituni, na mkewe akapata kazi kwenye nyumba ile ile walikokuwa wakirudi, nyumba inayohifadhi mimea iliyokaushwa ya nchi nzima. Kazi yake ilikuwa kushona. Mimea ililetwa imekaa kati ya magazeti, imebanwa ikanyooka. Yeye aliilaza juu ya karatasi nyeupe ngumu, akaigandisha kwa gundi, na penye shina nene akapitisha sindano na uzi na kufunga fundo kwa nyuma lisionekane. Kwenye kona ya karatasi kulikuwa na kijikaratasi kinachosema mmea ulikutwa wapi, lini, umechumwa na nani. Halafu unaingia kwenye kabati la chuma na kulala. Mtu akitaka kujua Tanzania inaotesha nini, anakwenda kufungua makabati yale. Usipokuwamo, ni kama hujawahi kuota.

"Nimeshona mingi, mwanangu, siwezi hata kukuambia," akasema. "Lakini hakuna hata mmoja wenye jina langu. Mshonaji haandikwi. Anaandikwa aliyechuma."

Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Waliwapunguza, alisema, kama mtu anavyopunguza mahindi shambani, anang'oa huu anaacha ule, na mahindi yenyewe hayaulizwi. Josephat hakuishi sana baada ya hapo. Nyumba hii ya Kamanga ndiyo aliyokuwa akiijenga kila likizo, tofali kwa tofali, akisema watazeekea kando ya ziwa. Basi yeye amekuja kuzeeka kwa niaba ya wawili. Na mikono haikukubali kukaa bure.

Kija akakusanya moyo. "Na picha, bibi?"

"Picha gani?"

"Za watu. Chini ya mawe."

Specioza hakuelewa kwanza. Alipoelewa, alikwenda akanyanyua jiwe la bunda lililo karibu na kufungua. Alikuwemo kweli mgombea udiwani, anatabasamu, na jani pana la mti wa porini limemlala shavuni. Wakamwangalia wote wawili, hata Maige akachungulia.

"Huyu," akasema Specioza, "hata bila jiwe langu asingepita."

Alieleza kwamba magazeti yanakunywa maji ya majani, ndiyo kazi yake pale. Zamani yalikuwa mawili tu, wakiyagombania ofisini. Siku hizi kila mwenye mdomo ana gazeti lake, na kwa watu wa kukausha mimea hiyo ni neema.

Lakini kijimea kile cha majani ya sindano alikizungumzia kwa sauti nyingine. Mwaka uliopita aliokota kimoja kama hicho chini ya mwamba, kimekauka. Miaka yote ya sindano na uzi hakikuwahi kupita mikononi mwake. Akakituma Arusha kwa Shimba, dereva aliyerithi gari la Josephat, ambaye kazi humleta pande hizi mara moja moja. Majibu yalirudi mdomoni mwa Shimba: wataalamu wamekuna vichwa. Huenda ni mmea mpya kabisa, huenda unajulikana nchi jirani ila hapa kwetu haujawahi kuandikwa. Hawawezi kusema, maana hauna ua.

"Jani bila ua," akasema Specioza, "ni kama mtoto asiyetajiwa baba. Unamwona yupo, anakua, anacheka. Lakini huwezi kumwandika." Tangu hapo alikuwa ametafuta vilima vyote vya karibu kwa magoti yake mabovu, asifikirie mwamba wa dagaa, kwa sababu mwamba wa dagaa ni mweupe daima, haulali na jani. Mpaka leo alipoiona chungu ya Kija. Alikuwa anataka kitu kimoja tu kabla macho hayajamwacha: auchume ule mmea ukiwa na ua, uende Arusha, na kwenye kona ya karatasi liandikwe jina la aliyechuma.

Kija alikiangalia kijimea. Alikuwa akifikiria ufagio wake. Hajawahi kuliona ua la majani yale, na sasa akajua sababu. Kila mvua zikianza yanatoka kijani kibichi kama nywele za mtoto mchanga, na kabla hayajafika kimo cha kidole, yeye anayakwangua. Kabla yake alikuwa akiyakwangua mama mkwe. Mwamba hupumzika wakati mmoja tu, mbalamwezi ikiwa kubwa, maana dagaa hufuata taa za wavuvi gizani, na mwezi ukiwaka hawaijali taa ya mtu. Mitumbwi hupandishwa, na ufagio husimamishwa nyuma ya mlango. Lakini mpaka mwezi huo ufike, kishimo huwa kimeshakwanguliwa.

Aliyasema yote hayo, polepole. Specioza akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, bibi."

Aliporudi nyumbani hakuwa na takataka zake. Pius aliuliza kama amezipata, naye akajibu kwamba ameziacha, zina kazi.

Kesho yake Kija alipanga vijiwe kukizunguka kishimo cha juu, na ufagio wake ukaanza kupita mbali. Wanawake hawakumwacha. Rebeka aliuliza zizi lile ni la ng'ombe wa nani, maana kwa ukubwa ule ni wa sisimizi. Kija akawaeleza habari ya Arusha na makabati, nao wakasikiliza wakigeuza dagaa. Mama Chenge alisema kama ni dawa basi aseme ni dawa, watu waelewe. Haya ya kusafirisha majani ambayo hata mbuzi anayakataa, yeye hayamwingii. Lakini kuhusu kubana watu hakusema tena, labda kwa sababu mgombea na lile jani shavuni vilikuwa vimeshasimuliwa Kamanga nzima, na ni vigumu kumwogopa mtu ambaye umecheka naye, hata kwa mbali.

Mchana, dagaa wakikauka, Kija alizoea kwenda kumsomea Bibi Magazeti magazeti yake kabla hayajapewa kazi. Maandishi madogo yalikuwa yamemshinda bibi. Kija alisoma kwa sauti ya darasani, akiweka kidole chini ya mstari, habari za bei ya pamba na za viwanda vya minofu ya sangara vinavyoota Mwanza kimoja baada ya kingine, na Specioza alisikiliza huku akinyoosha majani. Wakimaliza ukurasa, wanaulaza. Maige alijifunza kusimama pale uani, ameshikilia bunda lenye jiwe, akitetemeka magoti na kujishangaa.

Kisha Maige akashikwa na homa. Ilikuwa ya kumfanya mama asione njia anayopita. Kija alimbeba mpaka hospitali ya Sengerema, wakalazwa, na siku zile alizoshinda akimwangalia mtoto akipumua hakukumbuka mwamba wala kishimo.

Mama Chenge alikumbuka. Mama Chenge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kwanza kukupelekea uji ukiwa umelazwa na wa kwanza kusimulia ulivyounywa. Pius aliporudi na dagaa alfajiri na mwenye kuanika hayupo, yeye ndiye aliyewapokea. Aliona sehemu ya Kija imeingia udongo wa mvua, akaona aibu kwa niaba yake. Akavitoa vile vijiwe, akavipanga pembeni vizuri kwa heshima, akafagia. Akakwangua kishimo mpaka kikang'aa.

Kija aliporudi, mtoto amepoa na anadai maziwa, alipokelewa na dagaa wake wamejaa viroba, wakavu, weupe tumboni.

"Sikukuachia hata chembe," Mama Chenge akamwambia.

Kija akamshukuru. Alimshukuru kutoka moyoni, maana bila yeye wangeoza. Kisha akapanda juu peke yake, akachuchumaa penye kishimo. Palikuwa pasafi kama sahani. Alipapasa kwa vidole kama mtu aliyeangusha sindano. Chini kidogo ya kishimo, kwenye ufa mwembamba ambao ufagio haukuingia, ulikuwa umebaki mmoja. Mmea mmoja, umeinama kwa maji yaliyoupitia, majani yake ya sindano yamelala upande.

Alipompelekea Specioza habari hizo hakujua aanzie wapi. Bibi alimtangulia: "Maige anaendeleaje?" Alitaka kwanza amguse mtoto paji la uso, kwa nyuma ya kiganja, na alipoona pamepoa ndipo akauliza ya mwambani. Akasikiliza yote. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba huko Arusha mfagiaji wa ofisi aliwahi kufagia mmea wa mlimani ulioendewa juma zima kwa miguu, na alikuwa mfagiaji mzuri sana.

Mwezi ukakua. Mitumbwi ikapandishwa mmoja mmoja, taa za karabai zikafutwa masizi na kutundikwa, na waume wakaanza kuonekana mchana kama wageni. Mvua ilinyesha jioni na asubuhi jua likatoka. Mwamba ulikuwa kimya. Kija alikwenda kila kukicha kabla hajakoka moto, na mmea ule ukainuka, ukanyooka, ukatoa kitumba kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Shimba alipita na kuacha ujumbe kwamba anakwenda Geita, na kesho yake mchana atarudi kwa pantoni ya Kamanga akielekea Arusha. Kama kuna mzigo uwe tayari. Specioza akamwomba Kija amwandikie kijikaratasi cha kona, maana mkono wake siku hizi ulipanda na kushuka kwenye mistari. Kija aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi zote zimesimama wima: Kamanga, juu ya mwamba. Na chini yake: Umechumwa na Specioza Josephat. Bibi alikaa nacho mkononi muda mrefu, akikisogeza karibu na miwani na kukirudisha mbali.

Na asubuhi ile ya Shimba, ua likafunguka.

Lilikuwa dogo kama punje ya hindi, zambarau iliyofifia, na katikati kidoa cha njano kama mtu amegusa kwa ncha ya kidole chenye unga wa manjano. Kija alikimbia kumwita bibi, Maige akirukaruka mgongoni, na njiani Mama Chenge na Rebeka wakawafuata kwa sababu mtu akikimbia asubuhi unamfuata kwanza, unauliza baadaye.

Walilizunguka. Mama Chenge ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, mzima mzima na mwili wake wote.

"Ndilo hili?"

"Ndilo," akasema Kija.

Aliliangalia sana. Akaangalia kishimo kilichong'aa pale juu, akaangalia tena ua. "Dogo," akasema hatimaye. "Lakini limejitengeneza."

Specioza alikuwa amekuja na kila kitu: gazeti, vibao viwili vya kubana, mkanda, kisu kidogo cha Josephat. Alipiga magoti kwa shida, Kija akimshika kiwiko. Akasogeza uso mpaka pua karibu ijigonge mwambani. Akahesabu majani kwa midomo bila sauti, akaligusa ua kwa kucha, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyeonyeshwa mjukuu. Kisha akafungua kisu.

"Angalieni kama kuna mwingine," akasema. "Tafuteni wote."

Wakatafuta. Rebeka alishuka mpaka chini kwenye maji, Mama Chenge alipita ufa kwa ufa akiguna, Kija akarudia vishimo vyote vya juu. Hapakuwa na mwingine.

Waliporudi, bibi alikuwa bado ameshika kisu, lakini hakuwa anauangalia mmea. Alikuwa anaangalia ziwani, kule pantoni ilikokuwa inaonekana kama kisanduku, inakuja. Akawasimulia, bila haraka, jinsi Josephat alivyompeleka mtaalamu mmoja mlimani kutafuta mmea ambao hakuna aliyewahi kuuona tena kwa miaka mingi. Wakaukuta umechanua, mmoja tu. Yule mtaalamu alikaa kando yake mpaka jua likapinduka, akaandika vitu kwenye karatasi, akarudi kwenye gari mikono mitupu. Ukikuta mingi chukua michache, alimwambia Josephat. Ukikuta mmoja, piga hodi uondoke. Josephat alipofika nyumbani na kumsimulia mkewe, mkewe alicheka mpaka akaweka sindano chini. Safari ya siku zote zile, na mtu anapiga hodi.

"Nikiuchuma," akasema Specioza, "jina langu linaingia kabatini. Na mmea unaingia kabatini. Halafu basi, hapa hapabaki kitu cha kuitwa kwa jina hilo."

Akafunga kisu. Alikifunga kwa mikono miwili, kwa sababu kilikuwa kigumu, na kijikaratasi cha kona akakifungia kwenye ncha ya kanga, palepale wanawake wanapofungia hela.

Pantoni ikapiga honi kule gatini. Maige alinyoosha mkono kuelekea ua, Kija akaushika mkono ule mdogo na kuutia mdomoni mwake ili usifike.

Mama Chenge ndiye aliyelisema lililokuwa kichwani mwa wote, na alilisema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake. Mbegu za mmea huo zitakomaa lini? Specioza alisema hajui, haujawahi kujulikana. Lakini vijimea vya namna hiyo huchukua muda, ua lifunge, kitunda kikauke, kipasuke chenyewe. Mvua zijazo huenda vikaota vingi, na kwenye vingi mtu anaweza kuchuma. Mama Chenge akatazama mbingu kana kwamba mwezi unaonekana mchana. Mwezi umeanza kumegeka. Siku chache tu mitumbwi itashushwa, giza litaanza, dagaa watamwagika. Na ufa ule ulikuwa katikati kabisa ya sehemu ya Kija, mahali maji ya dagaa yanapopita, na miguu, na ufagio. Huwezi kuanika kando yake. Kama Kija haaniki hapa, anaanika ufukweni, na wa ufukweni ni dagaa wa mchanga; mnunuzi atatafuna mmoja, atatema, atapita. Pius naye atauliza, na hilo ni swali ambalo mume ana haki nalo.

Kija alikuwa ameshayafikiria yote hayo wakati akitafuta kwenye vishimo. Alingoja.

Specioza alijaribu kuinuka, ikashindikana, akakaa pale pale mwambani, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Alivua miwani. Ilionekana wazi kwamba lililokuwa mdomoni mwake ni zito kulitoa kuliko kisu kile kukifunga, mwanamke aliyekaa Kamanga mwaka mzima bila kuomba moto, bila kuomba chumvi, bila kuazima ungo. Mama Chenge alimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Kija amjue, alinyamaza kabla ya kuambiwa.

"Kija, mwanangu," akasema Specioza. "Nina ombi. Niazime mwamba wako, giza hili moja tu. Dagaa uwaanike mchangani, na mimi nitakuja kila siku tukae wote tuwatoe mchanga, mmoja mmoja, kwa macho haya haya niliyonayo."